Uchambuzi wa kisa: Klabu ya historia iliyotaka kujua nani aliipokonya Ujiji mji wake

Kisa kinahusu nini

Shule moja ya sekondari ndani ya Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa na klabu ya historia, wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu, na mwalimu wao akawapa kazi moja ya kuandaa kwa ajili ya mahafali: waeleze kwenye karatasi za manila, wazazi waje wasome, imekuwaje Ujiji iliyokuwa mji mkubwa wakati Kigoma haijawa chochote, leo hii mtu wa Ujiji akiulizwa anatoka wapi anasema Kigoma. Kazi ilionekana nyepesi tu, wazee wapo, ziwa lipo, kumbukumbu ya Livingstone ipo pale pale. Ikaja kuwa ugomvi wa koo, wanafunzi kununiana darasani, mwalimu kuitwa barazani kujieleza, na kazi yenyewe ikakaribia kufutwa kabisa.

Mimi nilikuwa nasaidia upande wa vitabu na ramani, mwalimu ananipigia simu tunalinganisha yale ya wazee na yale yaliyoandikwa. Majina ya shule, ya walimu, ya wanafunzi na ya wazee nimeyatoa yote, na mitaa wanayokaa sijaitaja. Naandika kwa ajili ya walimu wenzetu na mtu yeyote anayetaka kukusanya historia ya mji uliounganishwa na jirani yake, sababu nimeona shule nyingine wanaanza vile vile walivyoanza hawa, na watafika pale pale walipokwama hawa.

Mazingira: miji miwili, manispaa moja

Kwa asiyepajua, Ujiji iko kusini ya Kigoma Mjini, kilomita zisizozidi 10, unapanda daladala stesheni unapita Mwanga unashuka Ujiji na njia nzima ni nyumba, hakuna pori katikati la kukuonyesha kwamba hapa mji mmoja umeisha mwingine umeanza. Manispaa ina kata 19. Kuna kata inaitwa Kigoma. Kata inayoitwa Ujiji haipo, Ujiji yenyewe imegawanywa kwenye kina Kasingirima, Kitongoni, Rubuga, Kagera na wenzao. Hili wanafunzi waliligundua wenyewe walipopewa orodha ya kata, na nadhani ndo lilowapandisha hasira tangu mwanzo, hasa wale watoto wa Ujiji.

Zamani mambo yalikuwa kinyume. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika ziwani Februari 1858 walifikia Ujiji maana ndo palikuwa mwisho wa njia ya misafara inayotoka Bagamoyo kupitia Tabora, pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa vinavushwa kwa mitumbwi, vinapumzishwa pale, afu vinaanza safari ya miguu kwenda pwani. Soko la Ujiji lilikuwa na hela yake, shanga, na wanauza chumvi, samaki, mawese, mbuzi, kila kitu. Livingstone, mmisionari na mpelelezi, alifika mara ya kwanza 1869, Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, akamkuta pale 1871, yeye Stanley mwenyewe aliandika tarehe 10 Novemba ingawa wapo wanaoirudisha nyuma mpaka Oktoba. Mpelelezi mwingine, Cameron, kapita 1874, wamisionari wa London Missionary Society wamekuja 1878, White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, 1879. Mkubwa wa mji miaka hiyo alikuwa Mwinyi Kheri, mtu mwenye asili ya pwani, na baada yake akatamba Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Wajerumani nao walipotaka kituo huku ziwani walikiweka Ujiji, 1896.

Kigoma wakati huo ni ghuba na vijiji.

Afu reli ikaja. Ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, na ikaishia Kigoma haikwenda Ujiji. Mwaka uliofuata ikashushwa majini hapo Kigoma meli ya Graf von Götzen ambayo vipande vyake vilitoka Ujerumani, leo ndo MV Liemba. Serikali ikahamia kule kwenye reli. Hayo yanajulikana, yapo kwenye kila kitabu, na klabu ilianza kazi na hayo hayo kichwani.

Ilivyoanza

Swali mwalimu aliloandika ubaoni lilikuwa hivi: "Ujiji ilipokonywaje mji wake, na nani?" Naliandika kama lilivyokuwa maana lina sehemu yake kwenye matatizo yaliyofuata.

Wanafunzi wakagawanywa makundi. Watoto wanaotoka Ujiji wakapewa kwenda kuongea na wazee wa Ujiji, kwa sababu wanafahamiana, babu zao hao hao, hakuna usumbufu. Watoto wa Mwanga, Gungu na Kigoma Mjini wakapewa kazi ya kusoma vitabu na kuchora ramani. Kwa mipango ya kawaida hapo huwezi kumlaumu mwalimu, alikuwa anafikiria nauli, na wazee wanamfungulia mtu wanayemjua.

Majibu yakaja haraka mno na yakafanana. Karibu kila mzee alianza na Livingstone na Stanley, hata yule ambaye hajaulizwa, sababu miaka yote mgeni akija Ujiji anauliza hilo na wazee wameshazoea kulitanguliza. Afu wakaingia kwenye reli, na hapo kila mmoja na yake. Mmoja akasema Wajerumani waliinyima Ujiji reli kwa sababu ni mji wa Waislamu. Mwingine akasema hapana, wazee wa Ujiji wenyewe waliikataa, walisema hilo dude litatuletea watu wabaya. Wa tatu akasema kulikuwa na dua ilisomwa, reli ikashindwa kuvuka. Wanafunzi wakayaandika yote kwenye daftari na kuyarekodi kwenye simu, wakarudi shule na hitimisho kwamba Ujiji ilidhulumiwa.

Wale wa Kigoma Mjini hawakukubali. Wakasema Ujiji ni mtaa tu wa Kigoma kama mitaa mingine, nyie mnaishi na mambo ya zamani. Wakajibiwa kwamba Kigoma ni stesheni tu, haina wenyewe. Mwalimu aliniambia wiki ile hata kwenye foleni ya chakula walikuwa wanasimama mbali mbali.

Siku ya baraza

Kabla ya kuandika mabango ya mwisho mwalimu aliamua wapeleke rasimu kwa wazee wa Ujiji waisikilize, jambo la heshima na la maana sana. Wakakaribishwa kwenye baraza la nyumba ya mzee mmoja baada ya swala ya alasiri, shekhe mmoja yupo, wazee kadhaa, mikeka imetandikwa, watoto wamesalimia wamekaa, msomaji akaanza.

Ilikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye biashara ya watumwa. Mwanafunzi alikuwa ameandika, kama alivyosimuliwa na babu mmoja, kwamba ukoo fulani walikuwa mabwana wenye mali na ukoo fulani walikuja kama watu wao, yaani watumwa wao, kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Kayataja majina ya koo zote mbili. Na watu wa koo zote mbili wamekaa pale pale kwenye mkeka.

Mzee mmoja akanyanyuka. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mwalimu, umewatuma watoto waje kutuambia nani ni mtumwa wa nani, mbele ya wajukuu zetu?" Mwingine akadakia kwamba hayo yameisha, watu wameoana, wana watoto. Aliyemsimulia mtoto akakana kwamba hajasema. Shekhe akafunga kikao kwa dua watu wakatawanyika.

Mtu wa nje anaweza kuona wazee wanaficha ukweli. Ila fikiria miaka. Wajerumani hawakufuta utumwa, walichofanya ni kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 1905 ni huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja 1922 chini ya Mwingereza. Kwahiyo mzee wa miaka themanini ambaye yupo barazani, bibi yake mzaa mama aliyemlea anaweza kuwa alizaliwa ndani ya jambo hilo. Na Ujiji ni mji ambao watu wake wengi asili yao ni ng'ambo, Wamanyema, walikuja kwa njia tofauti tofauti, wapo waliokuja kama wapagazi, wapo waliokuja kufanya biashara, wapo mafundi mitumbwi, wapo waliochukuliwa kwa nguvu, na baada ya vizazi wakawa watu wamoja, dini moja, lugha moja Kiswahili. Ukitaja ukoo kwa jina unamrudisha mtu mmoja mmoja kwenye kundi ambalo mji wenyewe ulifanya kazi ya miaka mia kumtoa.

Siku iliyofuata uongozi wa shule ukapata malalamiko, mwalimu akaambiwa aangalie uwezekano wa kubadilisha mada, aweke mazingira au ukimwi.

Maamuzi matatu, na kwanini aliyachukua

Mwalimu hakubadilisha mada. Alichofanya ni vitu vitatu.

Kwanza alirudi Ujiji peke yake, bila watoto, nyumba kwa nyumba kwa wale waliokuwepo barazani. Hakwenda kujitetea, alikwenda kuomba radhi na kuuliza swali moja: kipi kiandikwe na kipi kisiandikwe? Jibu lililotoka lilimshangaza, hakuna hata mmoja aliyesema biashara ya watumwa isitajwe. Walisema itajwe, njia itajwe, soko litajwe, miembe iliyopandwa njiani itajwe, mateso yatajwe, ila ukoo wa mtu usitajwe. Mzee yule aliyenyanyuka ndo alitoa maneno marefu zaidi kuliko wote, akaeleza watu walivyokuwa wanavushwa na mahali walipokuwa wanashushwa, mambo ambayo siku ya kwanza wanafunzi hawakuyapata kwake. Hivyo sheria ikawekwa: jambo linaandikwa, mahali panaandikwa, jina la familia haliandikwi, hata kama msimuliaji ni mwanafamilia mwenyewe. Na rekodi yoyote yenye jina la ukoo haitoki nje ya mikono ya mwalimu.

Pili akageuza makundi. Watoto wa Ujiji akawatuma Kigoma Mjini na Mwanga, watoto wa Kigoma na Gungu akawatuma Ujiji. Sababu aliyonipa ni kwamba mtoto akienda kwa babu yake hamuulizi, anamsikiliza tu, ila mgeni anauliza vitu vya kijinga kama "hapa palikuwa nini?" na vitu vya kijinga ndo vinafungua mdomo. Wenzake ofisini walimwambia atawapoteza wazee. Alichukua hatari hiyo na akawapa kila kundi barua ya shule na mtu mzima mmoja wa kuwatambulisha.

Tatu akafuta swali la ubaoni. Akaweka maswali madogo: ulizaliwa wapi, baba yako alifanya kazi gani na wapi, alikwendaje kazini, mlihama lini, mlihama kwa sababu gani, soko mlikuwa mnakwenda lipi. Hakuna "historia" humo ndani.

Kilichotoka Mwanga

Hili ndo eneo ambalo mimi nalipenda kwenye kisa kizima kwahiyo nitakaa hapo kidogo.

Wasichana wawili wa Ujiji walitumwa kwa bibi mmoja Mwanga, wakadhani wanakwenda kuongea na mtu wa Kigoma. Baada ya shikamoo na marahaba wakamuuliza alizaliwa wapi. Ujiji. Baba yake je? Ujiji, alikuwa kibarua bandarini, anatoka nyumbani usiku bado giza anatembea mpaka Kigoma, jioni anarudi kwa miguu, miaka na miaka, baadae akapata baiskeli. Mama anauza mawese soko la Ujiji. Mwisho baba akachoka, akatafuta kiwanja Mwanga ambapo ni katikati, kazini karibu na kwa ndugu karibu. "Wajukuu zangu, sisi hatujahama Ujiji, tumeisogeza tu," ndivyo alivyowaambia.

Walipoendelea na nyumba nyingine wakapata yale yale. Fundi wa reli, karani, mpishi wa Mzungu, mwenye duka dogo, kwao ni Ujiji. Na hapo vitabu vinakubali: kwa muda mrefu wa ukoloni Kigoma ilikuwa mji mdogo wa ofisi, stesheni, bandari na maduka ya Wahindi, wakati watu walio wengi wako Ujiji. Wabelgiji walioingia 1916 wakakaa mpaka 1921, hata walipoondoka waliachiwa eneo lao bandarini Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kazi zikazidi kuwa kule, na wafanyakazi wakaendelea kulala huku. Mji mmoja una kazi mwingine una watu. Nyumba zikaanza kujaa katikati ya njia, na ndo huo ukawa muungano wenyewe miaka mingi kabla mtu hajasaini karatasi ya halmashauri.

Wale wasichana walirudi shule kimya, maana hoja yao kwamba Kigoma haina wenyewe ilikuwa imekufa. Wenyewe ni shangazi zao.

Na kilichotoka ziwani

Kundi la Gungu lililokwenda Ujiji wakapelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone, wakaangalia, mmoja akauliza lile swali la kijinga: kama huyu Mzungu alikuwa anakaa ufukweni mbona ziwa liko kule mbali? Kweli, kutoka pale mpaka maji ni mamia ya mita. Mzee aliyewapeleka akawaambia ziwa lilikimbia. Wakacheka kidogo, wakaandika, mwalimu akanipigia.

Mzee alikuwa sahihi kabisa. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Katikati ya karne ya 19 mlango ule ulikuwa umeziba kwa matope na majani, Cameron aliuona hivyo 1874, maji yakawa yanapanda tu. Stanley aliporudi Ujiji 1876 akakuta michikichi aliyoiacha sokoni 1871 imesimama ndani ya maji. Karibu na 1878 kizuizi kikavunjika, maji yakaanza kutoka kwa nguvu, na ndani ya miaka kumi na kitu ziwa likashuka, makadirio ni kama mita 10. Ufuko wa Ujiji ni wa kuteremka taratibu, kwahiyo ziwa likishuka kidogo maji yanakwenda mbali sana. Mitumbwi haijali hilo, unaivuta mchangani basi. Meli ya chuma yenye kubeba behewa zima la mizigo inajali. Ghuba ya Kigoma ina kina karibu na nchi kavu na imejikinga na mawimbi, na mhandisi wa reli wa 1914 alikuwa anatafuta hicho.

Hii ikabadilisha bango la reli lote. Wanafunzi waliamua wasiyafute yale maelezo ya wazee, la udini, la kukataa, la dua, waliyaweka upande mmoja kama yalivyosemwa, upande wa pili wakachora ufuko wa Ujiji na ghuba ya Kigoma kwa kina cha maji. Msomaji aamue. Mimi nilikuwa nataka wayatoe, mwalimu akakataa, akasema hayo maelezo yanaonyesha watu waliumia kiasi gani na hicho nacho ni historia. Alikuwa na haki, sababu siku ya maonesho wazee walisimama kwenye bango hilo kuliko lingine lolote, na walisimama kwa kuwa walijikuta humo.

Na wazazi waliosoma bango hilo walikuwa wameliona ziwa likirudi. Kuanzia 2020 maji yalipanda, yakaingia kwenye nyumba na miundombinu ya ufukweni, mwalo wa Kibirizi watu wanakumbuka. Hivyo habari ya ziwa kupanda na kushuka haikuhitaji maelezo marefu.

Matokeo

Mabango yalikamilika na yakabandikwa siku ya mahafali. Wazee wa baraza walialikwa wakaja, wakakaa mbele. Mzee aliyekuwa amelalamika alisoma bango la biashara ya watumwa lote, akaomba kitu kimoja kirekebishwe, mahali pa kushushia watu palikuwa pamechorwa upande usio wenyewe, mwanafunzi akasahihisha kwa makapeni pale pale.

Yaliyokwenda vibaya ni haya. Rekodi zilikuwa kwenye simu za wazazi na za walimu, simu moja iliibiwa, nyingine ilijaa ikafutwa, na sehemu kubwa ya mahojiano ya Ujiji ya awamu ya pili imepotea, yamebaki maandishi ya daftari tu. Kijitabu kilichokuwa kimepangwa kuchapwa hakikuchapwa, ofisi moja iliahidi kusaidia, mwalimu akaenda akaambiwa arudi, akarudi akaambiwa mhusika amehamishwa. Mabango yenyewe yaliachwa ukutani, masika yakaja, manila na maji haviendani. Kilichosalia kizima ni ramani moja iliyochorwa upya kwenye kitambaa na daftari tatu.

Mwalimu huyo baadae akahamishiwa wilaya nyingine na klabu ikapoa.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kugeuza makundi ndo uamuzi uliobeba kisa kizima. Mji uliounganishwa na jirani yake watu wake wametapakaa, na nusu ya historia ya Ujiji ilikuwa inalala Mwanga na Katubuka, kata nyingine ya manispaa, kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kwa kuwa anwani yao sio Ujiji. Kundi lingebaki Ujiji tu lingepata malalamiko mazuri yenye ukweli ndani yake, ila lisingepata ile safari ya kibarua ya alfajiri, ambayo kwangu mimi inaeleza muungano wa miji hii kuliko tangazo lolote la serikali.

Maswali ya kazi na kuhama yalishinda swali la "nani aliwapokonya". Swali la kwanza lilikuwa limeshamhukumu mtu kabla ya ushahidi, mzee akiulizwa hivyo anachofanya ni kuchagua mshitakiwa, na ndo maana majibu ya reli yalikuwa matatu tofauti na yote yana mkosaji. Ukimuuliza baba yako alikwendaje kazini hana sababu ya kupamba. Inafaa pia kuangalia jambo ambalo klabu iligusa kwa mbali tu: Ujiji yenyewe ilikuzwa kwa kumeza. Burton alipofika 1858 alifikia Kawele, na Stanley 1876 anaitaja Ujiji kuwa na sehemu mbili, Ugoy walikokaa Waarabu na Kawele walikokaa watu wengine, na nchi yote ile ilikuwa ya Wajiji, watu wa jamii ya Waha wenye machifu wao, kabla wafanyabiashara hawajaufanya mji kuwa wa kwao. Mtoto wa Muha akiulizwa nani alipokonywa anaweza kuanza miaka mingi nyuma ya reli. Klabu iliandika sentensi mbili tu kuhusu hilo na naona ilistahili bango zima.

Na kurudi kwa wazee bila watoto. Wengi wetu baada ya baraza kuvunjika tungetuma barua au tungeacha. Mwalimu alivyokwenda nyumba kwa nyumba alipata mpaka ulio wazi, taja jambo usitaje ukoo, na mpaka huo umetoka kwa wenye jambo. Njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe imo kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, Ujiji ikiwa mojawapo ya vituo vyake pamoja na Kwihara kule Tabora, kwahiyo wageni na watafiti watazidi kuja na maswali hayo hayo, na kila atakayekuja bila kujua mpaka huo atavunja baraza lingine.

Uchambuzi: kilichokwama

Rasimu kusomwa hadharani kabla ya kusomwa faragha. Hapa palihitajika hatua moja ndogo tu, mwalimu kukaa na mzee mmoja au wawili wanaoaminika, bibi mmoja pia, wakapitia majina. Kosa halikuwa la mtoto, aliandika alichoambiwa na alikuwa mwaminifu. Msimuliaji naye alisimulia akiwa chumbani na mjukuu, hakujua kwamba maneno yataenda kwenye mkeka wa watu. Hakuna aliyemwambia. Ruhusa ya kurekodi iliombwa, ila ruhusa ya kusoma mbele za watu haikuombwa, na hizo ni ruhusa mbili.

Wanawake walichelewa kuulizwa. Awamu ya kwanza yote ilikuwa wazee wa kiume wa barazani, na wanaume wa barazani wana historia ya mabwana wakubwa, wageni na siasa. Habari za soko, za mawese, za nani alihama na kwa sababu gani ya nyumbani, zilitoka kwa kina bibi, na zilipopatikana muda ulikuwa umebaki kidogo.

Kutunza. Hili linaniuma kuliko yote kwa sababu lilikuwa rahisi. Kadi moja ya memori ikabaki ofisini kwa mkuu wa shule, nyingine maktaba, na mtu mmoja ambaye jukumu lake ni kuhamisha sauti kila Ijumaa, hiyo haihitaji mfadhili. Walitumia nguvu yote kwenye maonesho ya siku moja na kijitabu cha hela ya mtu mwingine, wakati sauti za wazee zilikuwa mikononi mwao. Wawili kati ya waliorekodiwa wameshafariki, Mungu awarehemu, na wa kwanza kati yao ni yule mzee wa ziwa lililokimbia. Maneno yake yapo kwenye daftari kwa mwandiko wa mtoto wa kidato cha pili, mistari sita.

Daftari hizo tatu nimezipiga picha ukurasa kwa ukurasa na nakala iko kwa mwalimu mpya wa historia, ambaye ameniambia muhula ujao anataka kuanzia Mwanga na Katubuka, na anatafuta kina bibi kwanza.